Giaboksi ya Kwanza Ndiyo Iliyoiua ya Pili

Pikapu iliingia gereji yetu hapa Nakuru ikiwa juu ya breki dauni, saa mbili usiku, na trela lake likafika nusu saa baadaye likivutwa na lori la watu wengine. Dereva alishuka akinuka samaki. Mwenye gari alikuwa amenipigia simu mara tano kabla hawajafika, wala hakuuliza gari litapona lini. Alitaka nimwandikie barua ya kuthibitisha kwamba giaboksi aliyouziwa ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ili ampeleke muuzaji polisi.

"Fundi, hii ni ya pili ndani ya mwaka mmoja. Kuna mtu ananichezea."

"Mama, ngoja tuifungue kwanza. Barua haiandikwi kabla ya spana."

Kazi ya mama huyu ni samaki. Ananunua mbuta na ngege kwenye ufuo wa Dunga, Kisumu, anawapanga kwenye trela lililojengewa kuta za povu, anamwaga barafu juu, na mara mbili kwa wiki dereva wake anavuta mzigo huo hadi Nakuru. Pikapu ni dabo kabini ya dizeli, lita 3.0, giaboksi otomatiki ya gia tano. Aina yake siitaji, kwa sababu kisa hiki kingeweza kulipata gari lolote la ukubwa huo. Safari ni karibu kilomita 180. Kutoka Kisumu, iliyo kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, barabara ni tambarare kupita Ahero hadi Awasi. Baada ya hapo unaanza kupanda, Kipsitet, Kapsoit, na ukifika Kericho umevuka mita 2,000. Kupanda kunaendelea kupita Londiani hadi Mau Summit, ndipo uteremke kuja Nakuru kupitia Salgaa.

Giaboksi ya kwanza, ile iliyokuja na gari, ilikufa ikiwa na trela karibu na Kericho. Gereji nyingine ikamtafutia ya mtumba kutoka Japani, akalipa, akaendelea na kazi. Miezi saba baadaye ya pili ikafa vilevile na karibu mahali palepale: gia ya tatu inateleza, injini inapiga kelele bila gari kwenda, kisha taa ya joto la mafuta ya gia inawaka kwenye dashibodi. Kila aliyesikia habari hiyo alisema ni spea mbovu. Na mimi nilisema hivyo moyoni, nakiri. Mtumba ni bahati nasibu, na nimeshafungua giaboksi "safi" zilizojaa kutu ndani.

Asubuhi nilimwaga mafuta. Mafuta ya otomatiki yakiwa mapya ni mekundu kama juisi ya zabibu. Haya yalikuwa meusi, na harufu yake ilikuwa ya chapati iliyosahauliwa kwenye tawa. Nilidondosha tone kwenye gazeti: mafuta mazima husambaa na kuacha duara jekundu la kufifia, lakini haya yaliacha doa jeusi katikati na pete nyembamba ya kahawia pembeni, maana yake uchafu umebaki na mafuta yenyewe hayana nguvu ya kuubeba. Kwenye sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi, sumaku zilikuwa zimevaa manyoya ya chuma.

Mpaka hapo hakuna kilichotofautisha spea mbovu na spea iliyouawa. Tofauti niliipata nilipotoa pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje ndani kwa ndani. Giaboksi iliyokuja na kasoro, tuseme vali iliyokwama au pistoni moja inayovujisha presha, huunguza seti moja ya klachi. Hiyo moja ndiyo utakayoikuta imeungua, na mpira ulio mbali nayo bado unapinda kwenye vidole. Hapa pete zote, hata za gia ambazo gari hilo halikuwahi kuteleza nazo, zilikuwa ngumu kama kifuniko cha chupa. Nilipoikunja moja ikavunjika. Joto lilikuwa limezunguka giaboksi nzima kwa muda mrefu, na klachi ya gia ya tatu ilitangulia kufa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazini mlimani.

Barua ya mama ikafia hapo. Nikabaki na swali lingine: joto lile lilikuwa linatoka wapi, na kwa nini halikuwa na pa kwenda?

Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu linalojulikana. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna konveta, bakuli lililojaa mafuta lenye mapanga yanayotazamana. Injini inazungusha upande mmoja, mafuta yanasukuma upande wa pili. Pande hizo zikizunguka kwa kasi tofauti, nguvu inayopotea kati yao inageuka joto, yote, ndani ya mafuta. Kwenye barabara iliyotulia konveta hujifunga kwa klachi yake ya ndani na hasara hiyo karibu inakwisha. Ukiwa na mzigo mlimani, mguu ukikandamiza na kuachia, kompyuta inaifungua tena na tena.

Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Trela nililipima kwenye mizani ya ghala la nafaka, likiwa na mzigo na barafu: kilo 2,340. Pikapu na watu wawili ni kama kilo 2,000. Kupandisha uzito huo mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 40 kwa saa kunahitaji kama kilowati 35 kwenye magurudumu. Konveta ikiwa wazi na ikipoteza moja ya tano ya nguvu inayoingia, joto linalobaki ndani ya mafuta ni karibu kilowati 9. Wenye ile bafu ya kupasha maji papo hapo wanajua inavyokula umeme. Moja ni kama kilowati 5. Basi weka karibu mbili kati ya hizo ndani ya giaboksi yenye lita zisizozidi kumi za mafuta, uziache zikiwaka. Kama hakuna pa kulipeleka, joto la mafuta na chuma pamoja linapanda kama nyuzi 7 au 8 kila dakika.

Wazee wa kazi hii wana kanuni: anzia nyuzi 80, na kila zikiongezeka 11 umri wa mafuta unapungua kwa nusu. Mafuta ya kisasa yanavumilia zaidi ya hapo, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Karibu na 115 mafuta yanaanza kupaka utando kama vanishi kwenye vali, na yakikaa karibu na 130 mipira inakauka. Ile mipira iliyovunjika mkononi mwangu ilikuwa imenionyesha hivyo kabla sijapima chochote.

Sehemu ya pili ya swali ndipo nilipokosea.

Mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta ya injini. Mabomba mawili yanatoka kwenye giaboksi na kuingia kwenye tangi la chini la rejeta, na humo ndani kuna kipoza kidogo kilichozamishwa kwenye maji. Huwezi kukiona bila kukata rejeta. Nilichomoa mabomba, nikaweka hewa ya kompresa upande mmoja, upande wa pili ikatoka kwa mluzi mzuri. Nikasema njia iko wazi. Tukaijenga upya giaboksi kwa klachi, pete na filta mpya, konveta ikabadilishwa, mafuta tukatia ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kabla ya kumkabidhi mama nikamwambia dereva kwamba safari ya kwanza yenye mzigo nitakaa naye, na skana mkononi, kile kifaa kinachosoma namba za kompyuta ya gari.

Tulitoka Kisumu jioni jua likiwa bado kali. Ahero mafuta ya gia yalikuwa nyuzi 89. Awasi tulikwama nyuma ya trekta la miwa, yakafika 95. Kipsitet 106. Dereva alinitazama, nami nikatazama skana. Kabla ya Kapsoit ilisoma 121, na nikamwambia aegeshe, aweke gia kwenye N (huru), injini asizime ila aipandishe mizunguko kidogo. Kwa kanuni ya wazee, pale tulikuwa tunatumia mafuta mapya kwa kasi ya mara 13 ya kawaida. Geji ya joto la injini, muda wote huo, ilikuwa imetulia katikati kama haimo safarini.

"Omera fundi," dereva akasema, "hata ile ingine ilikuwa hivi hivi, lakini hakuna mtu alikuwa na hiyo mashine."

Tulikaa pale dakika arobaini na tano. Nyuzi zilishuka polepole mno, na huko kushuka polepole ndiko kulikonizindua. Gari limesimama, injini haivuti mzigo, maji ya rejeta yako kama nyuzi 88: kama mafuta yalikuwa yanazunguka sawasawa kwenye kipoza, yangepaswa kuyafuata maji upesi. Hayakuwa yanazunguka.

Tuliporudi nilifanya kipimo ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza, cha kupima mafuta badala ya hewa. Chomoa bomba linalorudisha mafuta kwenye giaboksi, lielekeze kwenye chupa yenye alama, washa injini iliyopata moto, ihesabie sekunde 20 bila kukanyaga. Giaboksi nyingi za ukubwa huu zinapaswa kukupa karibu lita moja kwa muda huo. Mimi nilipata glasi moja, na haikujaa. Nikarudia nikiwa nimechomoa bomba kabla ya rejeta, yaani mafuta yanayotoka moja kwa moja kwenye giaboksi: chupa ya lita ikajaa kabla sijafika kumi na nane. Pampu nzima, kipoza kimeziba.

Mama alikubali nibadilishe rejeta. Ile ya zamani niliikata kwa grainda nikakitoa kipoza na kukipasua kwa urefu. Ndani ya bomba lake kuna mabati madogo yaliyokunjwakunjwa ya kuyasumbua mafuta ili yaguse ukuta wote. Katikati ya mikunjo hiyo kulikuwa na tope jeusi, zito kama dawa ya viatu, lenye nyuzinyuzi za pleti za klachi na vumbi la alumini linalometameta. Kichochoro kilichobaki kilitosha hewa ya kompresa kupiga mluzi. Kwa mafuta mazito hakikutosha.

Tope hilo halikuwa la giaboksi ya pili peke yake. Gereji iliyofunga ya pili haikusafisha kipoza wala kukibadilisha. Dereva alikuwepo siku hiyo, na anakumbuka walichomoa mabomba na kuyarudisha. Klachi zilizosagika za giaboksi ya kwanza zilikuwa zimelala mle, zikingoja. Giaboksi ya mtumba, ambayo huenda ilikuwa nzima kabisa, ilifungwa kwenye rejeta iliyojaa maiti ya mwenzake, ikaanza kupanda Kericho bila kipoza. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni rejeta.

Kipoza cha namna hii kikishapokea uchafu wa klachi, mimi siku hizi sikisafishi, nabadilisha. Kuna wanaokipiga kwa petroli na hewa kwa zamu, na wengine wana mashine za kusukuma mafuta ya moto mbele na nyuma. Kwa bomba nyoofu la kawaida nakubali. Kwa kile chenye mabati ya ndani, uchafu unatoka kidogo leo na uliobaki unatoka mlimani wiki ijayo.

Nikadhani tumemaliza. Safari ya pili yenye mzigo ilisoma 97 Kipsitet, vizuri, halafu 111 karibu na Kapsoit tulipokuwa tunatambaa nyuma ya lori kwa kilomita 20 kwa saa. Lori lilipotupisha na tukapata mwendo, zikarudi 100. Yaani joto lilipanda tulipokwenda taratibu, na hilo lilisema habari ya upepo. Gari likienda mbio upepo unajiingiza wenyewe kwenye rejeta. Likitambaa, feni ndiyo inayofanya kazi yote. Isitoshe, kwenye mwinuko wa Kericho hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unapitisha hewa pungufu. Ubaridi wa kule unafidia sehemu ya hasara hiyo.

Feni ya gari hili inaendeshwa na mkanda kupitia klachi yake yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Ikipata joto inapaswa kushika kwa nguvu. Tulizima injini ikiwa moto, nikaisukuma feni kwa kidole: ilizunguka karibu mizunguko mitatu kama kisulisuli cha mtoto. Nzima hukataa, haimalizi hata mmoja. Pembeni mwa klachi palikuwa na michirizi ya vumbi lililogandia mafuta, yaani silikoni ilishavuja zamani. Nikamuuliza dereva kuhusu eyakondisheni. Akasema ndiyo, ikiwa kwenye foleni inapuliza hewa ya moto, lakini alidhani gesi imekwisha.

Na kati ya rejeta na kondensa, kile kipoza cha eyakondisheni kilicho mbele yake, mahali pasipofika mpira wa kuoshea gari, palikuwa na zulia. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji walikuwa wamekauka humo kwa maelfu, wakashikana na vumbi na magamba. Hayo ndiyo malipo ya kuegesha kando ya ziwa. Tulitenganisha kondensa na rejeta tukaosha kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji ya nguvu ndogo ili mapezi, yale mabati membamba ya kupitisha hewa, yasilale.

Baada ya hapo ndipo niliongeza kipoza cha pili cha hewa, kile cha kufunga mbele ya kondensa. Wengi huanza na hicho. Ningeanza nacho ningekuwa nimefunika kosa: kipoza kipya kingepangwa kwenye mstari mmoja na kile kilichoziba, na glasi moja ya mafuta ingebaki glasi moja. Nilikiweka baada ya rejeta, mafuta yakipita kwenye maji kwanza. Rejeta sikuiruka, na sababu ni asubuhi za Londiani: kwenye baridi ile rejeta inasaidia kuyapasha mafuta yafike joto la kazi, na mafuta mazito ya baridi hayabadilishi gia vizuri. Kimefungwa kwa mabano ya chuma. Zile kamba za plastiki zinazopita katikati ya mapezi ya rejeta husaga kwa mtikisiko mpaka zitoboe, na mpira wa petroli hauvumilii mafuta ya gia ya moto. Tulitumia mpira wa mafuta wenye nyuzi, na kwenye ncha za mabomba tukaacha uvimbe ili klipu iwe na kitu cha kushikia.

Uendeshaji nao ulikuwa na sehemu yake. Dereva alikuwa anapanda kwa D, giaboksi ikijichagulia gia yenyewe, toka chini mpaka juu. Gari lilikuwa linaingia ya nne, linashindwa, linarudi ya tatu, linajaribu tena, na kila mara konveta inafunguka. Nilimwonyesha kwenye skana: shikilia ya tatu, ikilazimu ya pili, mizunguko ya injini ikae juu. Alipinga kwamba kelele hiyo inakula dizeli. Inakula kidogo, kweli. Lakini mizunguko ikipanda, feni, pampu ya maji na pampu ya giaboksi zote zinaongeza kazi pamoja, na konveta inapata nafasi ya kujifunga ikabaki imefungwa. Aliamini alipoona namba zinashuka huku kelele inapanda.

Kuna jambo moja nililogombana na mama, na halihusu joto. Trela lile halikuwa na breki zake. Pikapu nyingi za ukubwa huu zinaruhusiwa na watengenezaji kuvuta kilo 750 tu kwa trela lisilo na breki. Zaidi ya hapo, trela lijisimamishe lenyewe. Yeye alikuwa na zaidi ya mara tatu ya hizo, akiteremka kutoka Mau Summit kuja Salgaa, mteremko ambao kila mtu wa Nakuru anaujua kwa mazishi. Alisema trela limefanya kazi miaka miwili bila shida. Nilimwambia nitalitoa gari, trela sitalifunga nyuma yake kwa mkono wangu. Alinuna siku mbili. Breki ziliwekwa na fundi wa vyuma wa jirani, ekseli ya mtumba yenye breki za kujisukuma, na mzigo ukapunguzwa barafu kilo mia mbili, maana barafu nyingine alikuwa anaweza kuinunua Kericho.

Safari ya tatu sikwenda. Nilimwachia dereva skana ndogo ya kuchomeka, inayosoma kwenye simu, naye ananitumia picha akifika Kapsoit. Ya kwanza ilisema 98, nyuma ya lori. Wiki iliyofuata 96. Siku moja 103, na alipochunguza akakuta gunia tupu limenasa mbele ya rejeta. Baada ya kilomita 5,000 nilimwaga mafuta tena, mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu sikuwa na imani na uchafu ulioweza kujificha kwenye mabomba. Yalikuwa mekundu, yamefifia kidogo, na kwenye sampo kulikuwa na unga mwembamba wa kawaida wa klachi mpya zinazozoeana.

Siku ya kulipa baki, mama aliomba aone kipoza nilichopasua. Kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya meza ya spana. Alikitia kidole, akanusa, akakunja uso. Kisha akatoa simu akampigia yule muuzaji wa giaboksi wa Kisumu ambaye alikuwa hajasema naye tangu matusi ya mwisho. Waliongea Kijaluo, haraka, kwanza kwa ukali, na neno pekee nililolishika ni rejeta. Mwishoni wote wawili walikuwa wanacheka. Alipokata simu aliniuliza kama ninaweza kumpa kile kipande.

"Cha nini, mama?"

"Anasema anauzia watu watatu wiki hii. Anataka awaonyeshe."